Spika za bei chee zilizonifanya nifyate ulimi

Nilikuwa mbishi: spika nzuri ni spika ghali, basi. Jozi yangu kubwa ya sebuleni niliilipia kwa miezi minane, na mgeni alikuwa hajakaa vizuri nimeshaiwasha. Rafiki yangu mmoja akachoshwa na majigambo. Akaja na spika mbili ndogo, bei yake haifiki hata sehemu ya kumi ya zangu, akatundika shuka jepesi mbele ya zote nne, kisha akajificha nyuma yake kuhamisha nyaya. Kazi yangu ikawa kutaja jozi iliyonipendeza.

Raundi ya kwanza zangu zilishinda bila jasho. Nikaanza kucheka. Akatoa simu yenye programu ya kupimia sauti: zangu zilikuwa juu kwa desibeli 4. Hapo ndipo wengi tunapoingia mkenge dukani, kwa sababu sikio huiona sauti kubwa kuwa ndiyo sauti nzuri. Tukasawazisha, tukarudia. Mara kumi, wimbo uleule, mwanamke na gitaa tu. Mara sita nikachagua zile ndogo.

Baadaye ndipo niliposoma habari za Floyd Toole, aliyetafiti spika kwa miaka mingi Canada kisha Marekani. Mwaka 1994 yeye na Sean Olive waliwapa watu spika zilezile wazisikilize, kwanza bila kuziona, kisha wakiziona. Spika ndogo za bei nafuu zikashuka alama pale zilipoonekana. Kumbe sikuwa peke yangu.

Bei kubwa mara nyingi huishia kwenye mbao, rangi na uzito wa kasha. Ujuzi wa kutengeneza sauti yenye uwiano ukishapatikana, unaweza kutumika kwenye spika ya bei yoyote. Andrew Jones, aliyebuni spika za kifahari za kampuni ya TAD, ndiye huyohuyo aliyewabunia kampuni ya Pioneer spika ndogo za bei poa, SP-BS22-LR.

Kwa hiyo ukienda kununua, usibabaishwe na maelfu ya wati yaliyoandikwa kwenye boksi. Mimi hugonga ubavu wa kasha kwa kifundo cha kidole: likilia kama debe tupu, naliacha, likijibu kwa mlio mfupi, mzito, naendelea kusikiliza. Nenda na wimbo unaoujua hadi pumzi za mwimbaji. Muombe muuzaji asiguse vitufe vya besi (atataka kugusa tu).

Nyumbani, twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) iwe usawa wa masikio yako, na spika isogee mbali kidogo na ukuta. Zile ndogo nilizibandika kwanza kwenye kona, besi ikavuma kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Nilipozisogeza mbele kama nusu mita, maneno ya wimbo yakasikika.

Mahali zangu kubwa zilipowashinda wadogo zao ni besi ya chini kabisa, ile ya hezi 40 kushuka, na pale ukumbi ukijaa watu. Kasha dogo lina mipaka yake. Lakini mimi siku nyingi nasikiliza peke yangu, usiku, sauti ya chini. Jozi kubwa bado ipo sebuleni. Mke wangu ameweka chombo cha maua juu ya moja, nami sijamwambia akiondoe.