Viti viwili au vitano: niliyoyaona kwa Roadster, kisha kwa Mark X

Ndugu yangu wa Kira, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema huna mke bado ila mambo yako mbioni, kazini ni mjini, na pesa uliyoweka inatosha kimoja kati ya viwili: Mazda Roadster, kigari cha viti viwili chenye paa la turubai linalofunguka, ya jamaa anayeuza hapa hapa Kampala, au Toyota Mark X, gari la milango minne, iliyopaki bondi, yadi ya magari yaliyotoka nje, pale Nakawa. Halafu mwishoni, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, ukaongeza kwamba mama yako yuko Masaka na kila mwezi unamleta Kampala kliniki kwa ajili ya magoti. Wengi waliokujibu wamelipita hilo. Mimi ndilo limenifanya niandike, kwa sababu nimekuwa na magari yote mawili, Roadster miaka mitatu, Mark X huu mwaka wa nne, na nina shangazi mwenye magoti.

Roadster yangu ilikuwa ya 2001, kizazi cha pili, injini ya lita 1.6, gia tano za mkono, nyekundu iliyopauka boneti. Kwa karatasi ni gari la kuchekwa. Nguvu za farasi 125! Premio ya 1.8 anayoendesha mwalimu mkuu wa shule ya jirani inalizidi. Lakini lina uzito wa tani moja na kidogo tu, linasukumwa na tairi za nyuma, na wewe umekaa chini karibu na lami kiasi kwamba kilomita 50 kwa saa unazihisi kama 90. Kama unaijua barabara ya kutoka Sironko kupanda Kapchorwa, pale inapoanza kujikunja kuelekea Sipi, basi unajua ninachosema. Nilikuwa nikienda nyumbani natoka Mbale alfajiri kabla malori hayajaamka, paa limefunguliwa, baridi ya mlima usoni, gia ya tatu, ya pili, ya tatu tena. Sikuwahi kupita kilomita 60 kwa saa pale, na sikuwahi kuhitaji. Askari wa trafiki alinisimamisha mara moja tu, akataka kujua paa linafungwaje.

Hicho ndicho watu hawakuelezi kuhusu magari madogo ya aina hii: utamu wake uko kwenye mwendo mdogo. Mark X yangu, V6 (silinda sita) ya lita 2.5, ina farasi 203 na uzito wa tani moja na nusu. Kwa kilomita 60 katika kona zilezile unajiona umekaa sebuleni. Ili ikuchekeshe lazima uipeleke mahali ambapo sheria na akili vyote vinakataa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Mark X ni "gari la michezo lenye milango minne", mwambie hapana, ni kochi lenye nguvu. Kochi zuri, nalipenda, lakini kochi.

Sasa geuza upande wa pili. Barabara ya haraka ya Entebbe unaifahamu, ile iliyofunguliwa 2018 na kuanza kulipiwa Januari 2022, shilingi 5,000 kwa gari dogo, mwisho kilomita 100 kwa saa. Utadhani Roadster imeumbwa kwa ajili yake. Wapi! Kwa mwendo huo turubai linapiga kelele, injini inazunguka juu, na lori likikupita, kofia ya gurudumu lake iko sawasawa na sikio lako. Ukifika Entebbe umechoka kama uliyetoka Mbarara.

Na hapo hujaingia mjini. Jamu ya Jinja Road saa kumi na mbili jioni huku paa likiwa wazi ni adhabu. Taksi zinakutemea moshi kichwani. Bodaboda akisimama anakuegemea kama ukuta, anakuuliza bei ya gari, anamuuliza mwenzake. Simu huwezi kuiacha kwenye kiti. Baada ya miezi miwili nilikuwa nafungua paa nikishatoka Mukono tu, na kulifunga nikirudi Mukono. Kwa hiyo piga hesabu vizuri: unanunua gari la kufungua paa, utalifungua Jumapili.

Chini ya gari je? Siku moja nilichukua rula ya mwanangu ya sentimita 15 nikajaribu kuisimamisha chini ya uvungu wa Roadster, karibu na ekzosi. Haikusimama. Sasa fikiria matuta ya njia ya Tirinyi, ya kwenda Mbale, kila kituo cha biashara na tuta lake, mengine yamejengwa na mtu aliyekuwa na hasira. Nilijifunza kuyavuka kwa pembe, tairi moja moja, nikipepea mkono dirishani kuwaomba radhi walio nyuma. Mashimo ya Kampala hata siyasemi. Aprili 2023 watu waliyafanyia maonyesho ya picha mtandaoni, na mimi nilikuwa na mawili ya kuchangia. Kutoka lami hadi kwetu kuna kilomita tatu za murram. Msimu wa mvua nilikuwa naiacha Roadster mbele ya duka kwenye kituo, namlipa mwenye duka ailinde, nafika nyumbani kwa bodaboda. Mwenye gari anashuka kwa bodaboda! Wazee walinitazama tu.

Jambo moja kuhusu mvua, na hili lishike hata ukiamua vinginevyo. Nyuma ya viti vya Roadster, pale turubai linapokunjwa, kuna vitundu viwili vya kutolea maji, kimoja kila upande. Maji ya paa yanashuka humo na kutokea chini. Kwa vumbi letu jekundu vinaziba. Vikiziba, maji yanajaa ndani ya kizingiti cha mlango, na chuma kinaanza kuoza kutoka ndani, wewe huoni kitu mpaka rangi ivimbe mbele ya tairi la nyuma. Mimi niligundua zulia limelowa wakati mvua ilikuwa na wiki haijanyesha. Fundi alizibua kwa spoku ya baiskeli. Ikatoka tope laini, jekundu, kama udongo wa kufinyangia, kisha maji machafu yakamwagika kama ndoo nzima. Kila mwezi baada ya hapo nilikuwa na spoku yangu ndani ya buti.

Spea. Kwa Mark X unashuka Kisekka au Ndeeba, kwenye maduka ya spea ya Kampala, unasema namba ya chasi, vijana watatu wanakimbia pande tatu, na nusu saa baadaye unachagua. Injini yake imefungwa pia kwenye Crown na Lexus IS 250, kwa hiyo hakuna asiyeijua. Kwa Roadster, breki na vitu vya injini nilipata kwa kubahatisha, maana Mazda nyingine, Familia na 323, zina ndugu wa injini hiyo. Lakini taa ya nyuma iliyovunjwa na bodaboda niliitafuta wiki sita. Ilipatikana Nairobi, Kirinyaga Road, ikaja na basi la usiku imefungwa kwenye shuka. Utalipa spea, utalipa nauli ya spea, na utalipa bodaboda ya wiki sita.

Mark X nayo isikudanganye. Ile V6 ya 2.5 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta, zinajenga masizi. Ukinunua inayotetemeka ikiwa imesimama, usikubali kuambiwa ni plagi tu. Jamu ya Kampala inanipa kilomita saba kwa lita, nane nikiwa na subira. Roadster ilinipa kumi na moja bila kujitahidi. Bushi za mikono ya mbele nimebadilisha mara mbili. Na achana na zile rimu za 18 zinazong'aa pale bondi, tafuta yenye rimu 16 na tairi 215/60, mashimo yatakuheshimu kidogo.

Tena kuna gharama ambayo haiko kwenye karatasi: Mark X ni ya ukoo. Ina viti vitano, kila mtu amevihesabu. Nimebeba bibi harusi, nimebeba mtungi wa gesi na mikungu mitatu ya matoke, nimepeleka mabinamu kwanjula, sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa, na magauni yao ya gomesi yamejaza kiti chote cha nyuma kama mito. Kila Jumamosi kuna mtu ana safari. Enzi za Roadster hakuna aliyeniomba gari, kwanza wengi hawajui gia za mkono. Ila safari zenyewe hazikukoma, nilikuwa nakodi special, yaani teksi ya peke yako. Mwaka wa pili niliziandika kwenye daftari, na zilipofika kumi na tisa nilifunga daftari.

Kilichoniuzisha ni mambo mawili. La kwanza ni mtoto wa pili. Kiti cha kichanga kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa, na Roadster yangu ilikuwa nao upande wa abiria, huku kiti kingine cha kumweka hakipo. Hapo hakuna mjadala.

La pili ni shangazi. Kulikuwa na msiba Tororo, nikampitia Jinja. Alilizunguka gari akasema, "Mwanangu, nusu nyingine iko wapi?" Kumwingiza haikuwa shida, alijiachia akaanguka kitini kama gunia. Shida ilikuwa kufika. Waombolezaji wamekaa chini ya turubai la msiba, wote wanatutazama, shangazi goti halinyanyuki. Nikamvuta mkono, hakutoka. Nikamshika makwapani, viatu vikabaki ndani. Akasema nimwachie, akachukua fimbo yake, akaikita juu ajishikilie, na fimbo ikapita kwenye paa. Nikausikia ule mlio wa turubai kupasuka. Vijana wawili wakaja wakamtoa kama wanavyotoa jeneza, sina neno jingine, na aliyekuwa amekaa karibu nasi alijifunika uso na kanga kwa kicheko, msibani. Shangazi hakukasirika. Alirudi Jinja kwa taksi, akasema gari langu ni zuri la kutazama.

Kwa hiyo mama wa Masaka ndiye jibu lako. Kila mwezi, kilomita kama 130 kuja na 130 kurudi, kupitia kinamasi cha Lwera, malori kushoto na kulia, mtu mwenye magoti. Chukua Mark X. Usiihesabu safari hiyo kwa kilomita, ihesabu kwa mara atakazoingia na kutoka: nyumbani, Lukaya mkisimama kununua gonja (ndizi za kuchoma), kliniki, famasia, nyumbani tena.

Kama moyo bado unakuuma, ipo njia ya katikati. Toyota Altezza zimejaa Kampala, milango minne, tairi za nyuma zinasukuma, na ya RS200 yenye gia sita za mkono ni gari la dereva kweli. Ila nyingi zimepitia mikono ya vijana, angalia chini kama zimewahi kunyooshwa. Toyota GT86, ya milango miwili, ina viti vya nyuma vya kuwekea koti. Kumbuka pia kwamba tangu sheria ya 2018, gari lililofikisha miaka 15 haliingizwi nchini, kwa hiyo Altezza na Roadster za kizazi cha pili hazitakuja nyingine; zilizopo ndizo hizo, na wenye nazo wameanza kulijua hilo wanapotaja bei. Kununua ni haraka, kuuza ndiko kazi. Yangu ilikaa miezi mitano, wengi walikuja kupiga picha.

Ukiamua Roadster hata baada ya haya yote, sitakulaumu, mimi mwenyewe nikiona moja pale Lugogo nageuka mpaka mke wangu anakohoa. Nenda na chupa ya maji. Funua zulia nyuma ya viti, mimina taratibu kwenye kila kitundu, halafu chungulia chini kama yanatoka. Bonyeza kwa kidole gumba bati la mbele ya tairi la nyuma, usione aibu. Na kama ni nyekundu, boneti imepauka, na kwenye paa upande wa abiria kuna kiraka cha ukubwa wa kiganja kilichoshonwa na fundi viatu kwa uzi mweusi, hiyo ilikuwa yangu. Kiraka hakivuji.