Mume wangu anazungumza kama mtu anayeaga: nimuulize au ninyamaze?

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu aliachishwa kazi hotelini, na tangu hapo mikopo ya simu imemwandama hadi ameacha kupokea simu kabisa. Usiku halali. Akinywa mnazi husema kwamba mimi na watoto tungepumzika lau asingekuwapo. Wiki iliyopita alimpa mdogo wake baiskeli yake, kisha akanionyesha zilipo hati za shamba, kwa utulivu ulionitia hofu zaidi kuliko machozi. Ninaogopa kumuuliza nisije nikamtia wazo asilokuwa nalo. Jirani anasema nikimpeleka hospitalini polisi wataitwa, na mama mkwe anataka kisomo kwa sababu hapendi mwanawe aitwe mwendawazimu. Nifanye nini? – Mama Watoto, Kilifi*

Marahaba, mwanangu. Muulize leo. Usingoje mwisho wa wiki wala kurejea kwa shemeji kutoka safari. Hofu uliyo nayo wanayo hata watu waliosoma sana, lakini tafiti za miaka mingi hazijaonyesha kwamba kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua humpandikizia wazo hilo. Aliye nalo mara nyingi hupata nafuu ya kuona kwamba hatimaye kuna mtu wa kumsikiliza. Ulichokiandika si jambo dogo. Mtu anayejiona mzigo kwa familia, asiyelala, anayegawa vitu vyake na anayetulia ghafla baada ya huzuni ndefu anaonyesha dalili ambazo wahudumu wa afya hufundishwa kutozipuuza. Dalili moja peke yake ingeweza kuwa na maelezo mengine, lakini zote zimekutana kwa mtu mmoja katika majuma machache.

Chagua saa ambayo hajanywa na watoto hawapo karibu. Mwambie uliyoyaona kwa macho yako, yaani baiskeli, hati na usiku anaokesha, kisha umuulize kwa neno lenyewe: “Mume wangu, umekuwa ukifikiria kujiua?” Usiulize kwa namna ya “Huna mawazo ya kipuuzi, sivyo?”, kwa sababu swali la namna hiyo limekwisha kumwamulia jibu. Ukishauliza, nyamaza umsikilize. Najua ulimi utakuwasha umkumbushe dhambi, au umwambie awaonee huruma watoto, lakini pengine yeye amekwisha kuwafikiria watoto hao usiku kucha na maradhi yamemfikisha kwenye hesabu isiyo sahihi, kwamba watakuwa salama zaidi bila yeye. Mwambie tu kwamba umesikia, kwamba hukasiriki, na kwamba mtakwenda pamoja kutafuta msaada. Usimwahidi kuificha siri hii.

Akikiri, muulize kama amefikiria ni kwa njia gani na lini. Akiwa na mpango au siku aliyoipanga, asiachwe peke yake hata kwa dakika chache. Mwite ndugu anayemwamini, na mwende moja kwa moja kwenye kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, hata ikiwa ni usiku. Akiwa na mpango au hana, ondoa nyumbani dawa za shamba na vidonge vilivyobaki, uvikabidhi kwa ndugu aishiye mbali kidogo. Wengine huona hatua hii kuwa ya bure, wakidai kwamba aliyekusudia atapata njia nyingine. Uzoefu wa Sri Lanka unawakanusha: baada ya nchi hiyo kupiga marufuku dawa za kilimo zenye sumu kali zaidi, idadi ya watu wanaojiua, iliyokuwa imefika kilele mwaka 1995, ilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka 20 iliyofuata. Saa ya hatari huja na kupita, na aliyeivuka bila kupata cha kujidhuru nacho mara nyingi huishi. Mnazi nao usimamishwe kwa sasa, kwa kuwa pombe humwondolea mtu breki wakati anapozihitaji zaidi.

Kuhusu polisi, jirani yako anazungumza sheria iliyokwisha kubatilishwa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa ambalo mtu angeweza kufungwa kwalo hadi miaka 2, lakini tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, ikiwamo haki ya afya na haki ya utu. Na hata kabla ya hapo, mumeo hajajaribu lolote. Ana mawazo, na mawazo hayajapata kuwa kosa.

Sasa zahanati. Pale mapokezini hamlazimiki kueleza mbele ya foleni nzima kilichowaleta. Semeni kwamba mnataka kuzungumza na daktari faraghani. Mkiingia, mwombe mumeo ruhusa ueleze ulichokiona, kwa maana wanaume wengi wakiulizwa “unajisikiaje” hujibu kwamba wamechoka tu. Atapimwa presha na pengine damu, ataulizwa kuhusu usingizi, hamu ya kula na pombe, na huenda akasomewa maswali 9 yanayohusu hali yake katika wiki 2 zilizopita. Swali la mwisho huhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hilo mumeo na alijibu kwa ukweli kuliko mengine yote.

Si kila zahanati ina mtu aliyefunzwa kazi hii, nami sitakudanganya kuhusu hilo. Ikiwa hayupo, ombeni barua ya rufaa kwenda hospitali ambako yuko muuguzi wa afya ya akili, na mwende nayo siku hiyohiyo. Msikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya usingizi na maneno “apumzike”. Akiandikiwa dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, fahamuni kwamba huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, na kwamba hazikatizwi bila ushauri; omba zitolewe kidogo kidogo, nawe uwe mtunzaji wa dawa hizo.

Dawa peke yake haitalipa mikopo ya simu, na hapo ndipo mazungumzo ya ushauri yanapohitajika. Matokeo ya utafiti uliofanywa Nairobi, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba wahudumu wa kawaida wa jamii waliofunzwa waliweza kuwasaidia wanawake waliopitia ukatili kwa vikao 5 tu, wakijifunza kutuliza mwili, kuligawa tatizo kubwa katika vipande vinavyoweza kushughulikiwa, na kurudi miongoni mwa watu. Deni ni tatizo la namna hiyo hasa: huorodheshwa, hupangwa, na wakopeshaji hupigiwa simu mmoja baada ya mwingine, mtu mwingine akiwa ameketi karibu.

Mama mkwe usigombane naye. Kisomo kiendelee ikiwa mumeo anakipenda, maana dua haikatazi dawa, ila kisitangulie zahanati wala kisichukue nafasi yake. Mwambie kwamba mwanawe hajawa mwendawazimu. Ana maradhi yanayotibika, na wewe unamhitaji mama huyo abaki na watoto siku mtakayokwenda.

Kabla ya kuondoka nyumbani unaweza kupiga simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, au kuwapigia Befrienders Kenya, shirika linalowasikiliza watu wenye mawazo ya kujiua, kwa 0722 178 177. Namba hizo ni zako pia. Mwanamke anayelala jicho moja wazi kwa majuma naye anahitaji mtu wa kumsikiliza.

Na akikataa kwenda? Usimburute, wala usikae. Nenda wewe zahanati umweleze muuguzi hali ilivyo, au mwite mhudumu wa afya ya jamii anayepita kijijini kwenu aje nyumbani, na umpate mtu mmoja ambaye mumeo hajazoea kumkatalia, awe kaka mkubwa, imamu au rafiki wa zamani wa kazini, amwombe aende mara moja tu kupimwa usingizi. Wengi walioapa kwamba hawataenda walikubali walipoitiwa jambo dogo kama hilo.