Mashine za masikio zinanipigia mluzi, nizirudishe?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwanajeshi mstaafu, vita vya Kagera nilikuwa kwenye mizinga, masikio yaliishia huko. Sasa vijana wangu wamenitafutia mashine za kusikia, ila sahani zikigongana jikoni nashtuka kama bomu, nikiegemea kiti zinapiga mluzi. Nizirudishe? Mzee wa Majengo, Moshi

JIBU: Shkamoo mzee wetu. Usirudishe bwana! Ubongo umekaa miaka yote hiyo bila kusikia sahani, leo unaletewa kila kitu kwa mpigo, lazima ushtuke, kwahiyo anza kuvaa nyumbani kukiwa kimya, masaa machache, unaongeza mdogo mdogo, kuzoea ni wiki kadhaa, na Soko la Mbuyuni liache la mwisho kabisa. Zikizidi kuumiza rudi kwa aliyekupima arekebishe, zinasetiwa hizo.

Mluzi ukiegemea kiti ni kawaida, sauti inarudi kwenye maiki. Ila zikilia hata umekaa wima, basi kipira kinachoingia sikioni hakijakaa sawa au sikio limejaa nta, nenda hospitali ya KCMC wakucheki, usichokonoe na njiti ya kiberiti (wazee mnaipenda hiyo!).

Kama betri ni zile ndogo za stika, ukibandua subiri dakika chache iingie hewa ndio uweke. Usiku acha kimlango cha betri wazi, unyevu ukauke. Asubuhi futa kwa kitambaa kikavu, maji hapana. Na wajukuu wasizishike, akimeza betri ni hospitali saa hiyo hiyo.