Maji ya tangi la samaki wa baharini yakipungua msiongeze ya bahari, nakuombeni

Juzi nimepita hoteli moja huku mashariki nikamkuta kijana mpya wa kazi anatoka ufukweni na ndoo, moja kwa moja mpaka kwenye tangi, anamimina. Nikamuuliza unabadilisha maji? Akanambia hapana kaka, yalikuwa yamepungua naongeza tu. Wallahi roho iliniuma, manake huyu ni wa tatu mwaka huu na wote ni vijana wazuri wanaopenda samaki kwelikweli. Basi nimekaa niandike, mnaoanza msome mpaka mwisho tafadhali.

1. Maji yanaruka, chumvi hairuki. Hili watu wa Pemba wenye mashamba ya chumvi hawahitaji kufundishwa, jua linachukua maji chumvi inabaki chini wanaikwangua. Tangi lako ni shamba la chumvi dogo lenye samaki ndani. Kilichopungua ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa hiyo unarudisha maji baridi, ya RO (yaliyopitishwa kwenye mashine ya kuchuja mpaka chumvi karibu yote inatoka), basi. Ya bahari ni ya kubadilishia, sio ya kujazia.

Nawambia nilichofanya mie. Ilikuwa gesti moja, tangi la lita 400 pale mapokezi, mawe yameshakaa vizuri, amonia sifuri, nitraiti sifuri (hizo ni sumu zinazotokana na uchafu wa samaki), nina kangaja mmoja, nemo wawili, kamba sita na kiti cha pweza mwekundu, yule mwenye umbo la nyota. Joto likazidi nikafunga feni juu ya maji, feni inashusha digrii mbili tatu lakini inakausha maji hasa, lita tatu kila siku zinaondoka. Na bahari hiyo hapo, hatua hamsini, bure. Kila asubuhi nachota lita tatu najazia, roho safi. Lita moja ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, pigeni wenyewe hesabu, lita tatu kwa siku thelathini ni zaidi ya kilo tatu za chumvi nimeziingiza tangini na wala sijui, manake nilikuwa natumia haidromita ya plastiki, kipimo cha chumvi kinachosoma uzito wa maji ukilinganisha na maji matupu, na mshale wake umeota chumvi pale kwenye kipini umekwama, kila siku inanisomea 1.024 na mie naandika kwenye daftari 1.024.

Kiti cha pweza ndo alianza. Akalegea kwenye kioo, kisha ncha za mikono zikawa zinameguka kama mkate uliolowa. Nikaazima refraktomita, kipimo cha chumvi cha kutazamia mwanga, kwa rafiki, nikaweka tone, nikatazama kwenye mwanga: 1.032. Nikatazama tena. 1.032.

Hapo ningetulia ningewaokoa wote. Dawa yake ilikuwa kutoa maji kidogo kidogo na kurudisha ya RO, kushusha 0.001 au 0.002 kwa siku, wiki nzima, polepole. Lakini tajiri anakuja asubuhi na wageni wake na mie nimeshikwa na hofu, nikatoa madumu manne ya lita ishirini nikarudisha madumu manne ya maji ya kisima, yote ndani ya nusu saa. Hesabu ilitoka sawasawa, refraktomita ikasoma 1.026, nikashukuru Mungu nikaenda kulala.

Samaki anaweza kuvumilia chumvi ikishuka ghafla, kamba hawezi, kiti cha pweza hawezi, na wale wadudu wote wasiohesabika wanaoishi ndani ya mawe hawawezi. Wakafa usiku uleule, wakaanza kuoza, amonia ikapanda. Na amonia kwenye maji ya pH 8.2 (pH ni kipimo cha asidi ya maji, ikishuka asidi imezidi) na joto digrii 29 inakuwa na sumu kali zaidi kuliko kwenye maji ya baridi yenye pH ya chini. Alfajiri mlinzi ananigongea dirisha, njoo utazame samaki wako. Maji yamekuwa meupe kama yalooshewa mchele, harufu imejaa mapokezi, kangaja yule aliyekuwa ananila mwani mkononi kalala ubavu kwenye kona anahema, mashavu yanafunguka yanafunga. Nilimshika mpaka akakata. Nemo mmoja alipona, nilimhamishia kwenye ndoo ya maji mapya yenye kipampu cha hewa. Hiyo ni miaka kumi na bado nikiona mtu na ndoo karibu na tangi nasimama.

2. Maji ya kisima, acheni. Yamepita kwenye mawe ya matumbawe, tazameni birika lenu la chai lilivyoota ukoko mweupe ndani, na kisima chenyewe mara nyingi hakiko mbali na choo.

3. Refraktomita irekebisheni kwa maji maalumu ya kupimia yenye chumvi 35 kwa elfu, sio kwa maji matupu, na mkimaliza ioshwe na ikaushwe.

4. Maji ya bahari ya kubadilishia chota wakati yamejaa, mbali na bandari, na masika usichote kabisa siku za mvua manake juu panakuwa maji ya mvua na tope. Yachuje, funga kwenye pipa gizani. Na mawe msiende kubomoa mwambani jamani! Kisiwa cha Chumbe kimehifadhiwa tangu 1994 na mnaona matumbawe yake yalivyo mazuri, kule kwengine tunakokanyaga mnaona palivyo. Nunua mawe makavu, subiri bakteria wanaokula amonia waote, watachukua wiki nne mpaka sita na hakuna chupa ya bakteria ya dukani inayowarukisha hizo wiki zote.

5. pH inashuka usiku inapanda mchana, ni kawaida, pimeni saa ileile kila siku na msimimine dawa ya kupandisha kila mkiona 8.0. Shikeni alkalini (nguvu ya maji ya kuzuia pH isiyumbe) ikae 8 mpaka 10 dKH bila kuyumba, kalsiamu kama 420 ppm, magnesiamu kama 1300 ppm, pH itajiweka. Kuna kijana alinipigia saa nne usiku pH imeshuka anataka kumimina, nikamwambia fungua dirisha, chumba kimefungwa kwa eisi watu kumi na mbili wamo ndani wanapumua, hewa chafu yote inaingia majini. Alifungua, asubuhi akanitumia picha ya kipimo na vikopa viwili.

6. Kipampu cha hewa cha betri kwa ajili ya umeme ukikatika. Leo, sio wiki ijayo.

7. Filta ioshwe kwa maji ya tangi lenyewe, ya bomba yana klorini yanaua bakteria wako.

Yule kijana wa juzi tumemaliza naye jioni nzima, tumepima iko 1.029, anashusha kidogo kidogo kila siku na ananitumia namba baada ya magharibi. Jana 1.028. Kamba wake wote wanne wamo.