Flashi ya Linux haibuti: maswali ya wenye kompyuta za zamani

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maswali ya Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, yananijia kwa wingi, na karibu yote yanatoka kwa watu wenye mashine ambazo wengine wangeshaziuza kwa kilo kama chuma chakavu. Nawapongeza kwa moyo wote. Kompyuta ya mwaka 2008 yenye RAM ya GB 4 bado inaandika barua, inafundisha watoto na kupiga hesabu za duka.

Ombi langu ni moja: usiniandikie "haibuti", yaani haiwaki kutoka kwenye flashi, ukaishia hapo. Niambie imekwama wapi na skrini imeandika nini, neno kwa neno, au piga picha. Flashi ya Linux hupita mikono mitatu. Wa kwanza ni BIOS, programu ndogo ya ndani inayoiamsha mashine; wa pili ni menyu ya kubutia iliyo kwenye flashi; wa tatu ni kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux. Dawa ya mkono mmoja haitibu mwingine.

Nimepakua Linux Mint nikainakili kwenye flashi ya GB 16. Nikiwasha kompyuta inaingia Windows moja kwa moja. Nimekosea wapi? (Msomaji, Dodoma)

Umekosea kwenye hilo neno "nikainakili". Ukinakili faili la ISO, yaani lile ulilopakua lenye Linux nzima ndani, kama unavyonakili wimbo, flashi inabaki kuwa flashi yenye faili kubwa ndani. BIOS ya zamani haijui faili wala folda. Inasoma sekta ya kwanza tu, baiti 512, kisha inaendesha maelekezo iliyoyakuta humo. Kunakili hakuweki maelekezo yoyote pale.

ISO huandikwa kwa programu maalumu. Kwenye Windows tumia Rufus au balenaEtcher. Kama kompyuta unayoandikia bado ni Windows 7, chukua Rufus 3.22, maana matoleo ya 4 hayaikubali tena. Aliye na Linux tayari anaweza kutumia `dd`, lakini kwanza apige `lsblk` aone flashi yake ni `sdb`, `sdc` au nyingine. Nawasihi sana hapa. `dd` haiulizi mara mbili, na ukiitaja diski ya ndani kwa bahati mbaya, picha za familia zimekwenda. Hata flashi yenyewe itafutwa yote, kwa hiyo ondoa kwanza vitu vyako.

Shule yetu ilipewa kompyuta kumi za mezani, HP Compaq dc7700. Flashi yangu inabuti vizuri kwenye laptopu yangu mpya, ila kwenye hizi inaandika "Non-system disk or disk error". Na kuna tatu ambazo kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka mingi. (Mwalimu, Kakamega)

Asante Mwalimu, umeniletea maelezo yaliyokamilika. Kwa kuwa flashi inabuti kwenye laptopu, ISO ni nzima na flashi ni nzima. Tatizo liko mkono wa kwanza.

Laptopu yako mpya inatumia UEFI, mrithi wa BIOS, ambayo huingia kwenye flashi ikatafuta folda iitwayo EFI. Hizo dc7700 ni za mwaka 2006 hivi na zinategemea BIOS ya zamani. Bila shaka Rufus iliandika flashi yako kwa GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski. Rudia, safari hii chagua MBR, mpangilio wa zamani, na hakikisha sehemu ya mfumo unaolengwa inataja BIOS. Kwenye mipangilio ya ziada ya Rufus kuna kisanduku kinachosema "Add fixes for old BIOSes". Kitie alama. Kazi yake ni kuweka patisheni ya ziada na kupanga flashi kwa namna ambayo BIOS za umri huo zinaielewa.

Kisha chomeka flashi mashine ikiwa imezimwa kabisa, tundu la nyuma na si la mbele, kwa sababu matundu ya mbele hupitia waya mrefu ambao kwenye mashine kuukuu mara nyingi umelegea. Washa huku unagonga F9 ikuletee orodha ya vifaa vya kubutia. Usitafute neno USB peke yake. BIOS nyingi za miaka ile huihesabu flashi kuwa diski, kwa hiyo itajificha chini ya orodha ya "Hard Drive". Ingia mipangilio kwa F10, fungua orodha hiyo ndogo, ipandishe flashi juu ya diski ya ndani. Nimeona watu wengi wakikata tamaa hapa wakati flashi yao imekaa hatua moja chini ya walipokuwa wanatazama.

Wasomaji wenye mashine nyingine: Dell, Toshiba na ThinkPad ni F12. Laptopu za ASUS ni Esc. Acer ni F12 pia, ila mara nyingi hiyo F12 imefungwa na lazima uiruhusu kwanza ndani ya BIOS kwa kuingia na F2.

Sasa zile tatu, Mwalimu. Hizo zimeishiwa betri ya ubao mama, CR2032 ya volti 3. Chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, utaiona imelala kama sarafu. Sukuma kishikizo chake cha pembeni kwa ncha ya bisibisi na itajiinua yenyewe. Maandishi yawe juu unapoweka mpya. Betri hii ikifa, BIOS inasahau mpangilio wa kubuti kila umeme ukikatika, na unaweza kupanga leo, kesho asubuhi ukakuta kazi yote imefutika. Kuna usumbufu mwingine unaokuja baadaye: Linux itawaka na tarehe ya mwaka 2006, kisha kivinjari kitakataa karibu kila tovuti, kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika. Wanafunzi watadhani intaneti ni mbovu. Badilisha betri kabla ya kusakinisha chochote.

Skrini yangu imeandika "This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU". Prosesa ni Atom N270, RAM GB 1. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Ndugu yangu, flashi yako ni nzima na BIOS imetimiza wajibu wake. Aliyekataa ni kerneli, mkono wa tatu. Umechukua Linux ya biti 64 na prosesa yako ni ya biti 32.

Umenitajia Atom N270, ile ya vilaptopu vidogo vya mwaka 2008 na 2009. Hiyo ni ya biti 32 tu, na hakuna mpangilio wa BIOS utakaoibadilisha. Wengine wachunguze kwanza kabla ya kukubali. Core Duo ni ya biti 32, Core 2 Duo ni ya biti 64, tofauti ni hiyo tarakimu moja kwenye kibandiko. Tena kuwa na Windows ya biti 32 hakumaanishi prosesa ni ya biti 32. Zamani wauzaji wengi waliweka Windows ndogo kwenye prosesa kubwa. Ukiwa na Linux yoyote iliyowaka, piga `lscpu` usome mstari wa "CPU op-mode". Ukitaja 64-bit, mashine yako inakubali zote mbili.

Uchaguzi wa biti 32 unazidi kupungua, na hili linaniuma. Kati ya aina za Linux, Ubuntu iliacha kutoa toleo la biti 32 la kompyuta za mezani tangu 17.10, mwaka 2017. Linux Mint iliyojengwa juu ya Ubuntu iliishia 19.3. Debian 12 bado ina kisakinishi cha biti 32, lakini Debian 13 ya Agosti 2025 haina. Kwa N270 yenye RAM ya GB 1, mimi ningekupa antiX. Ni nyepesi, ina toleo la biti 32, na imetengenezwa na watu wanaojali mashine za aina yako.

Kama una laptopu ya Pentium M, mfano ThinkPad T40 au Dell D600, huenda ukaambiwa inakosa "pae", uwezo wa prosesa ya biti 32 kufikia RAM kubwa zaidi. Nyingi kati ya hizo zinayo ila hazijitangazi. Kwenye menyu ya kubutia bonyeza Tab, nenda mwisho wa mstari, acha nafasi, andika `forcepae`, bonyeza Enter.

Nina kilaptopu cha Atom Z3735F, RAM GB 2. Nimezima Secure Boot lakini flashi haionekani kabisa. Prosesa ni ya biti 64, nimehakikisha. (Msomaji, Nairobi)

Prosesa ni ya biti 64, ni kweli, lakini waliotengeneza mashine waliweka UEFI ya biti 32. UEFI hiyo inatafuta faili liitwalo `bootia32.efi`, na flashi nyingi za Linux zimebeba `bootx64.efi` tu, kwa hiyo inaipita kana kwamba haipo. Njia rahisi ni kuandaa flashi kwa Ventoy, ambayo imebeba vyote viwili, kisha unaitupia ndani, kama faili la kawaida, ISO ambayo nayo inakubali UEFI ya biti 32. Hapo ndipo kunakili kunaruhusiwa, Dodoma msinishangae.

"Failed to load ldlinux.c32", basi. Haiendelei. (Msomaji, Mwanza)

Mkono wa pili huo. Kipande cha kwanza cha menyu kimewaka, kikamkosa mwenzake. Andika upya flashi. Rufus ikikuuliza, chagua hali ya DD badala ya hali ya ISO. Ikikataa tena, tumia flashi nyingine.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Menyu ya Ubuntu inatokea, nachagua, nembo inazunguka, halafu inaandika "(initramfs) Unable to find a medium containing a live file system". Nimerudia mara nne. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu, na usirudie mara ya tano kwa njia ileile.

Mpaka menyu inatokea, anayeisoma flashi ni BIOS. Kerneli ikishawaka inamwachisha kazi BIOS, na kuanza kuitafuta flashi upya kwa draiva zake yenyewe. Ujumbe huo maana yake imetafuta na haikuona kitu, au imeona kitu kilichovunjika.

Anza na tundu. Kama umechomeka kwenye tundu la buluu, ambalo ni USB 3, hamia jeusi. Kwenye baadhi ya mashine hilo pekee linatosha.

Halafu pima ISO. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili na neno `SHA256`, ulinganishe na namba ndefu iliyo kwenye tovuti ya Ubuntu. Herufi moja ikitofautiana, upakuaji ulikatika njiani. Inauma kwa aliyelipia bando, lakini hakuna pa kupita.

Namba zikilingana, ishuku flashi. Mimi niliwahi kununua flashi iliyoandikwa GB 32, bei ya kutupa, nikakesha nayo. Programu ilisema imeandika yote bila kosa. Menyu ikatokea vizuri. Kisha ujumbe huohuo wako. Kumbe ndani ilikuwa na GB 4 tu, na ISO ya Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6. Mwanzo wa ISO, ulipo mlango wa menyu, uliingia salama, na sehemu iliyozidi haikuhifadhiwa popote. Flashi bandia haikwambii imejaa, inapokea tu na kutupa. Baadaye niliipima kwa programu ya f3, amri yake `f3probe`, na chini ya dakika tano ikaniambia ukubwa wa kweli. Kwenye Windows kuna H2testw, inachukua muda mrefu zaidi lakini ni ya kuaminika. Pima flashi yako leo, hata kama uliinunua dukani unakokuamini.

Menyu inakuja, nachagua, skrini inakuwa nyeusi milele. Taa ya flashi inaendelea kumeta. (Msomaji, Mombasa)

Taa ikimeta ujue mashine inafanya kazi, ni picha tu haifiki. Ni kawaida kwenye kadi za zamani za NVIDIA. Kwenye menyu usibonyeze Enter, bonyeza `e`. Tafuta mstari unaoanza na `linux`, nenda penye maneno `quiet splash`, ongeza `nomodeset` baada yake, kisha F10. Picha inaweza kuja na ukubwa usiopendeza. Vumilia usakinishe kwanza. Ukiwasha mara ya kwanza kutoka kwenye diski huenda ukalazimika kurudia hivyo, kisha ndipo unaweka draiva sahihi.

Kompyuta yangu ni ya mwaka 2002. Ndani ya BIOS kuna floppy, CD na diski, USB haimo kabisa. Niitupe? (Mzee, Moshi)

Shikamoo mzee wangu. Usiitupe. Kama kisomeo cha CD bado kinafanya kazi, choma Plop Boot Manager kwenye CD. Ni programu ndogo mno, inajua USB yenyewe bila kuitegemea BIOS. Butia CD hiyo, chagua USB kwenye orodha yake, itaikabidhi kazi flashi.

Angalia tu kama matundu yako ni USB 1.1. Hayo yana kasi ya megabiti 12 kwa sekunde, yaani kama megabaiti moja tu kwa uhalisia, kwa hiyo Linux ya GB 1 inaweza kuchukua zaidi ya robo saa kabla hujaona chochote. Chemsha chai, usizime mashine.

Kisomeo kikiwa kimekufa, kuna njia nyingine ambayo naipenda kuliko zote. Fungua mashine, toa diski, mpe kijana aliye na kompyuta nyingine inayokubali waya wa diski hiyo. Asakinishe humo antiX ya biti 32, na kwenye diski hiyo tu, kisha airudishe. Linux hubeba draiva nyingi ndani ya kerneli yake, ikihamishiwa mashine nyingine huzichagua upya inapowaka. Akimaliza, niandikie skrini imesema nini.