Maswali ya Wasomaji: Kuvu Ukutani, Sherehe Bustanini na Kuku Nyuma ya Nyumba

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi kwenye mitaa tulivu ya pembezoni mwa miji ya Uingereza: nyumba pacha zinazochangia ukuta mmoja, bustani nyuma, magari kando ya barabara, na ikifika saa 3 usiku husikii hata mbwa.

*Tumepanga nyumba ya vyumba vitatu. Tangu Novemba kona ya chumba cha watoto imeota madoa meusi na nguo za kabatini zinanuka uvundo. Nafuta, baada ya wiki mbili yamerudi. Wakala anasema kosa ni langu kwa kuanika nguo ndani. Ni kweli?*
— Mama wa watoto watatu, Coventry

Dada, hiyo ni kuvu, na itarudi kila unapoifuta mpaka uondoe maji yanayoilisha. Hewa ya joto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Kwenye nyuzi 20, mita moja ya ujazo ya hewa inabeba hadi gramu 17 hivi za maji. Ikipoa mpaka nyuzi 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na kitu. Yanayozidi hutua penye baridi: kwenye kioo cha dirisha, kona ya ukuta wa nje, nyuma ya kabati. Ni jasho lile lile la chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Anza kwa kununua kipima unyevu, kile kidogo cha kuweka mezani. Kinachotakiwa ni asilimia 40 hadi 60. Chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 70 huanza kulowesha ukuta wowote uliopoa chini ya nyuzi 14 au 15, na wakati wa baridi kona ya ukuta wa nje hufika hapo kwa urahisi. Ukishusha unyevu hadi asilimia 50, ukuta huo hautalowa mpaka upoe kufikia kama nyuzi 9. Tofauti ya chumba kikavu na chumba chenye kuvu ni hiyo tu.

Kuhusu nguo, wakala ana hoja kidogo. Nguo za mashine moja zikianikwa ndani hutoa kama lita 2 za maji hewani. Kama huna pa kuanika nje, weka kichanja bafuni, funga mlango, washa feni ya kutoa hewa na uache dirisha wazi kidogo mpaka zikauke. Usianike juu ya redieta chumbani. Jikoni, maharage yanayotokota kwa muda wa saa mbili bila mfuniko yanajaza nyumba mvuke. Funika sufuria, au tumia sufuria ya presha.

Kisha angalia juu ya fremu za madirisha. Mara nyingi kuna vitundu vyembamba vyenye kifuniko cha kusukuma kwa kidole. Wengi wetu huviziba kwa utepe wa kunata ili baridi isiingie, na hapo ndipo kuvu inapopata makao. Viache wazi. Sogeza kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukuta wa nje, hewa ipite nyuma yake. Na joto: ni bora nyuzi 18 kwa muda mrefu kuliko kupandisha hadi 24 kwa saa moja na kuzima. Ukipandisha kwa saa moja tu, hewa inapata joto, ukuta haupati.

Unapofuta, vaa glavu, barakoa na miwani ya kukinga macho. Usisugue kuvu kavu kwa brashi, utaisambaza chumba kizima. Tumia dawa maalumu ya kuua kuvu, iache ukutani kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, futa kwa kitambaa utakachotupa, kausha. Kamwe usichanganye jiki na dawa nyingine ya kusafishia. Mvuke wake ni sumu.

Lakini si kila unyevu unatokana na maisha ya ndani. Doa la kahawia linalopanuka baada ya mvua ni dalili ya mfereji wa paa ulioziba au bomba linalovuja. Alama inayopanda kutoka sakafuni hadi kama mita moja, yenye unga mweupe wa chumvi, ni maji ya ardhini. Hayo ni ya mwenye nyumba. Hata feni ya bafuni iliyokufa ni yake, na huwezi kulaumiwa kwa mvuke ambao hukupewa njia ya kuutoa. Andika barua pepe yenye picha, tarehe na vipimo vya unyevu. Simu haiachi ushahidi. Sheria ya 2018 inataka nyumba ya kupanga ifae kuishi binadamu, na tangu Machi 2020 inawahusu wapangaji karibu wote wa England. Akikaa kimya, peleka nakala kwa idara ya afya ya mazingira ya kaunsili, yaani halmashauri ya eneo lenu. Kama nyumba ni ya kaunsili au ya chama cha nyumba, tangu Oktoba 27, 2025 kuna Sheria ya Awaab, iliyopewa jina la Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyefariki Rochdale mwaka 2020 kwa sababu ya kuvu nyumbani kwao. Ukiripoti hatari kubwa ya unyevu na kuvu, wanatakiwa waichunguze ndani ya siku 10 za kazi; ikiwa ni ya dharura, ndani ya saa 24. Una watoto watatu chumbani humo. Andika leo.

*Jumamosi ijayo tuna sherehe ya kumuaga binti yetu, wageni kama arobaini, muziki na nyama choma bustanini. Mwaka jana jirani alituitia kaunsili. Tufanyeje?*
— Baba wa bibi harusi, Reading

Hongereni sana, mzee wetu. Kwanza ratiba. Saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi ni muda ambao Sheria ya Kelele ya 1996 inaipa kaunsili nguvu ya kupima sauti, kutoa onyo, na onyo likipuuzwa, kutoza faini ya papo kwa papo ya pauni 110. Vyombo vya muziki navyo vinaweza kuchukuliwa. Msidhani basi kabla ya saa 5 ni ruksa kupiga mtakavyo: kelele zinazosumbua kupita kiasi zinaweza kuwa kosa hata saa 8 mchana.

Wiki moja kabla, tia karatasi kwenye kisanduku cha barua cha kila nyumba mnayopakana nayo, pande mbili, nyuma, na ng'ambo ya barabara. Andika tarehe, saa muziki utakapoanza, saa utakapozimwa, na namba ya simu ambayo mtu mwenye akili timamu ataipokea usiku huo. Huyo asiwe DJ. Jirani mwenye namba ya kupiga huwapigia ninyi kwanza.

Kinachopenya ukuta wa nyumba pacha ni besi, si sauti ya mwimbaji. Toa spika kwenye ukuta wa pamoja, isikae moja kwa moja sakafuni, iweke juu ya godoro la sponji au mpira mnene, na punguza besi kwenye mashine yenyewe. Saa 4 usiku rudisheni muziki ndani na mfunge madirisha.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalihesabu: kuagana. Kwetu mgeni husindikizwa hadi kwenye gari, na pale mlangoni mazungumzo huanza upya. Watu kumi wakiagana barabarani saa 5 na nusu, milango ya magari ikigongwa, mtaa mzima unaamka. Aganeni sebuleni.

Kuchoma nyama nje kwa makaa kunaruhusiwa hata kwenye maeneo yanayodhibiti moshi. Ila mvua ikinyesha, jiko lisiingizwe ndani, wala gereji, wala kwenye hema lililofungwa, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka humo haina harufu na inaua watu waliolala. Majivu yakae siku mbili kwenye ndoo ya chuma kabla ya kwenda kwenye pipa la taka. Mapipa ni ya plastiki na huyeyuka.

*Naweza kufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba?*
— Msomaji, Northampton

Unaweza, kama mkataba wa upangaji au hati ya nyumba haikatazi; zipo hati zenye kipengele cha kuzuia kuku. Tangu Oktoba 1, 2024 kila mfugaji wa England lazima ajiandikishe kwa wakala wa serikali wa afya ya wanyama, APHA, ndani ya mwezi mmoja tangu apate kuku, hata kama ana kuku mmoja. Ni bure.

Usilete jogoo. Mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri, naye atawika mapema zaidi. Kuku hutaga bila yeye.

Jambo linalowashangaza wengi wetu: kuwapa kuku mabaki ya jikoni ni kosa kisheria, hata ganda la viazi, isipokuwa kama jiko lako halipikii kabisa nyama, samaki, maziwa wala mayai. Majani yatokayo bustanini moja kwa moja hayana shida. Kuku mmoja hula kama gramu 120 hadi 130 za chakula cha kutagia kwa siku. Kihifadhi kwenye pipa la chuma, panya wasije. Adui mkubwa ni mbweha. Wavu mwembamba wa kuku anaurarua kwa meno, hivyo nunua wa chuma uliochomelewa, uufukie sentimita 30 au uulaze kuzunguka banda kwa nje, na ufunge mlango kabla giza halijaingia.

*Jirani ana michongoma mirefu inayoziba jua langu lote. Naweza kuikata?*
— Msomaji, Stockport

Matawi yaliyovuka mpaka, ndiyo, hadi kwenye mpaka na si zaidi. Yaliyokatwa bado ni mali yake, kwa hiyo muulize kama anayataka kabla ya kuyatupa. Uliza kaunsili kwanza kama miti hiyo inalindwa, na kati ya Machi na Agosti kagua viota. Kuharibu kiota kinachotumika ni kosa la jinai. Urefu ni habari nyingine: kama ni mstari wa miti miwili au zaidi isiyopukutisha majani, umezidi mita 2 na umekuzibia mwanga, kaunsili inaweza kuamuru upunguzwe, lakini itataka kuona kuwa mlijaribu kuelewana, na kwa kawaida hutoza ada. Mgongee mlango kwanza. Akikubali, na kama ni misipresi ile ya Leyland inayoweza kuongeza karibu mita moja kwa mwaka, mwambie fundi asikate ubavuni hadi kwenye sehemu ya kahawia ya ndani isiyo na majani. Haichipui tena hapo, na mtabaki nyote wawili mkitazama ukuta wa vijiti vikavu.