Kuinua sayansi wilayani: kabla ya kujenga, angalieni maji na fundi wa maabara

Mkuu, umeuliza kamati yenu ya halmashauri ianzie wapi, kwa kuwa fedha za kuinua masomo ya sayansi ni kidogo na wajumbe wengi wanataka majengo. Nimefundisha kemia miaka 13 katika shule tatu za kata, nakujibu kwa niliyoyaona.

Majengo tulishajenga. Agizo la Rais Kikwete la kila sekondari ya kata kuwa na maabara tatu, ya fizikia, kemia na baiolojia, lilitufanya 2014 tuchangishane kaya kwa kaya, na 2015 kuta zilikuwa zimesimama. Shuleni kwetu chumba cha kemia kilikaa miaka minne bila tone la maji. Sinki zipo, bomba zipo, tenki hakuna. Wanafunzi walipoongezeka tukaingiza madawati, kikawa darasa la Kidato cha Pili. Sikumlaumu mkuu wa shule. Watoto wangekaa wapi?

Kwa hiyo tumeni watu wawili wapite kila shule. Wasiulize kama maabara ipo, wataambiwa ipo. Waombe daftari la mwanafunzi wa Kidato cha Pili waone amefanya majaribio mangapi tangu Januari, kwa mikono yake. Nimekuwa na wanafunzi walioshika bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo na koki ya kudondoshea kimiminika, kwa mara ya kwanza mwezi mmoja kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne. Mtoto anatetemeka, anafungua koki yote, rangi inageuka kabla hajasoma kipimo. Niliumia sana, maana alikuwa anajua hesabu zote za kwenye karatasi.

Kilichotubadilisha ni kumpata fundi sanifu wa maabara. Mwalimu mwenye vipindi karibu 30 kwa wiki hawezi kuandaa myeyusho wa majaribio kwa mikondo mitatu ya darasa, aoshe vyombo, kisha asahihishe. Fundi anajua hata utunzaji: sodiamu haidroksaidi ikiachwa wazi inanyonya unyevu wa hewani, ukiipima unapima na maji, na majibu ya darasa zima yanapotea. Kama hamwezi kuajiri wengi, fundi mmoja azungukie shule tatu za jirani kwa ratiba. Na kemikali zinunuliwe kwa pamoja wilayani. Sisi kila shule ilinunua kivyake. Tukawa na asidi ya kumwaga, iodini hatuna.

Ruzuku ya serikali pekee msiitegemee. Iliyokuwa inatufikia ni sh 12,500 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na chaki na umeme vilitoka humo humo. Wekeni fungu kwenye mapato ya ndani.

Mengine hayahitaji fedha nyingi. Uzi, jiwe na saa vinatosha kufundisha pendulamu, yaani kitu kinachoning'inia na kubembea. Tone la iodini kwenye kipande cha muhogo, wanga unajionesha kwa rangi ya bluu iliyokolea hadi nyeusi. Maji ya choya (rozela) hubaki mekundu kwenye asidi na hugeuka kijani kwenye besi, ambayo ni kinyume cha asidi. Fanyeni haya tangu Kidato cha Kwanza, kwa sababu mtoto ametoka shule ya msingi ya Kiswahili na sasa anafundishwa kwa Kiingereza. Akishaona kitu kwa macho, lile neno geni linapata pa kukaa.

Mkipata orodha ya shule zenye tenki na zisizo nalo, iweke hapa. Nitakusaidia kupanga ratiba ya fundi.